Makuta yaliyopita mikononi mwa watu

Nilikuwa juu ya paa moja huko Katuba, mtaa wa Lubumbashi, natafuta mahali pa kupitishia waya wa umeme, nilipoona msumari uliokaa tofauti na wenzake. Misumari mingine ilikuwa na washa za kawaida, zile tunazoita rondela. Huu ulikuwa umebana kiduara kipana kidogo, cheusi kwa lami, na pembeni mwa kichwa chake palichomoza ncha moja ya nyota. Nikakisugua kwa kidole gumba. Ncha ya pili ikatokea. Nikaacha waya wangu palepale, nikashuka ngazi.

"Mama," nikamwambia mwenye nyumba, "kule juu ya bati kuko makuta ya Wabelgiji."

Hakushangaa hata kidogo. "Njo vile muzee alijengaka. Mabati ilikuwa, misumari ilikuwa, rondela ilikosa."

Mzee mwenyewe alikuwa amefariki miaka mingi. Nikaomba ruhusa, nikang'oa ule msumari, nikapiga mpya wenye rondela mbili na lami juu yake ili nyumba isivuje, na mama akaniachia sarafu pamoja na msumari wake. Ni santimu 10 ya Kongo ya Wabelgiji, ya mwaka 1911. Reli kutoka Rhodesia ilifika hapa mwaka 1910, na mji ukaanzishwa mwaka huohuo ukiitwa Elisabethville. Kwa hiyo kile kiduara kinakaribiana umri na Lubumbashi yenyewe. Tundu lake lilitobolewa huko huko kiwandani, likiwa duara kamili, lakini msumari wa muzee umelivuta upande mmoja likawa na umbo la yai. Mtu anayenunua sarafu kwa kufuata vitabu vya bei atakuambia hiyo ni kasoro. Mimi sitaibadilisha hata kwa ile iliyotoka kiwandani jana.

Siku ile ndiyo niliyojua mimi ni mkusanyaji wa namna gani. Nilikuwa nimeshaanza kabla ya hapo, lakini nilikuwa naokota kila kilichong'aa. Baada ya paa la Katuba nilijiwekea sharti moja: sarafu ninayoitaka ni ile iliyofanya kazi. Iwe ilinunua chumvi, iwe ililipa kodi, iwe ilishika bati la nyumba ya mtu, yote ni kazi.

Kwa msomaji wa Mombasa au wa Dodoma, ambaye ana sarafu mfukoni sasa hivi, inabidi nieleze jambo. Huku kwetu neno la pesa ni makuta. Mtoto wa Lubumbashi akitumwa dukani anauliza "makuta iko wapi?", wala hajui kwamba likuta lilikuwa kitu cha kushikwa. Lilizaliwa tarehe 24 Juni 1967, serikali ilipoiacha faranga na kuleta zaire. Zaire 1 ilishika nafasi ya faranga 1,000, nayo ilikuwa makuta 100, na kila likuta lilikuwa sengi 100. Siku zile zaire moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Neno limebaki midomoni, chuma kimeondoka. Tangu faranga ya sasa ilipoanza mwaka 1998, pesa ya matumizi yetu yote ni karatasi. Hata santimu 1 ilitoka ikiwa karatasi. Vijana wanaonisaidia kazi wakiniona nimeshika likuta la kweli huuliza kama ni medali.

Namna lilivyoondoka, niliwahi kuipigia hesabu kwa kalamu usiku mmoja umeme ulipokatika. Mwaka 1993 ilikuja zaire mpya, na moja ilikuwa sawa na zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 ikaja faranga, na moja ilikuwa sawa na zaire mpya 100,000. Kwa hiyo faranga moja ya mwaka ule ilikuwa zaire bilioni 300 za zamani, maana yake makuta trilioni 30. Niliandika sufuri zote kwenye daftari, nikazihesabu mara mbili. Mtu aliyeweka makuta kwenye kopo mwaka 1970 ili asomeshe mtoto, akalifungua miaka ishirini na mitano baadaye, alikuta chuma tu. Wazazi wetu wengi walipitia hayo, na ndiyo maana ukimwuliza mzee kuhusu sarafu za zamani, wengine hucheka, wengine hunyamaza, na wengine hukuambia walizitupa kwa hasira.

Wengine walizipeleka kwa fundi wa sufuria.

Kuna fundi mmoja, upande wa nyuma wa soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi), anayeyeyusha alumini na kumimina sufuria kwenye mchanga. Nilienda kwake kuuza mabaki ya waya nikaona, katikati ya debe la vipande vya injini, simba ananitazama. Ilikuwa faranga 10 ya mwaka 1965, nyepesi kama kifuniko cha chupa, na simba yuleyule amebaki na meno yake. Tulimwaga debe lote chini. Tukapata pia sengi 10 za mwaka 1967, zile zenye chui, makuta manne ya mwaka huohuo, na faranga za miaka ya hamsini zenye mchikichi na taji. Fundi aliniambia baba yake aliyemfundisha kazi alikuwa akiletewa hizo kwa ndoo.

Nikaelewa kwa nini sarafu fulani napata kirahisi na nyingine sipati. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na moto wa makaa wenye mivukuto unafika hapo bila shida. Sarafu za mchanganyiko wa shaba na nikeli, kama ile ya Katuba, zinataka zaidi ya nyuzi 1,100. Moto wa sufuria hauziwezi. Kwa hiyo pesa ya alumini ilipikiwa bukari, yaani ugali, na ile ngumu ikabaki kuwa rondela, kizibo, kishaufu cha mtoto, jiwe la mizani. Sarafu ya 1911 yenye tundu kwangu ni rahisi kupata kuliko likuta safi la 1967, ingawa zinapishana zaidi ya nusu karne. Fundi sasa huniwekea pembeni anachoona kina picha. Namlipa bei ya alumini yake na kitu juu.

Nataka niseme wazi ninachokusanya, maana watu huniletea kila kitu. Moyo wangu uko kwenye makundi matatu. Kwanza zenye matundu, kuanzia zile za shaba za Dola Huru ya Kongo, ile ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, za miaka ya 1887 na 1888, mpaka zile za mfalme Albert wa Ubelgiji zilizoendelea kupigwa hadi miaka ya 1920. Tundu lilisaidia watu kuzitunga kwenye kamba, kama shanga. Pili za vita. Ubelgiji ilipokuwa chini ya Wajerumani, kiwanda cha sarafu cha Brussels hakikuweza kutuhudumia, kwa hiyo faranga 2 za mwaka 1943 zilipigwa Philadelphia, Marekani. Ni za rangi ya shaba ya njano, zina tembo, na zina pembe sita. Mtu akiifunika kwa kidole gizani anajua ameshika nini. Mwaka uliofuata kazi ilifanywa Pretoria, na huko ndiko ilikotoka faranga 50 ya fedha yenye tembo, ambayo nimeishika mara moja tu na haikuwa yangu.

Tatu ni za Katanga za mwaka 1961, faranga 1 na faranga 5. Upande mmoja zina ndizi, upande mwingine zina ule msalaba wa shaba wa huku kwetu. Zilitumika muda mfupi sana, maana utengano wenyewe, Katanga ilipojitenga na Kongo, ulianza Julai 1960 ukaisha Januari 1963. Nikiziweka mezani, wazee wa umri mmoja huzungumza mambo tofauti kabisa. Mmoja anakumbuka mshahara wa kwanza, mwingine anakumbuka nani hakurudi nyumbani. Sizitoi mbele ya wageni wasiojuana. Hilo nimejifunza.

Nina pia sanduku dogo la zile zilizokuja na reli na barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia: peni za Rhodesia na Nyasaland zenye tundu na tembo wawili, na ngwee za Zambia. Haziingii kwenye hesabu yangu ya Kongo lakini zilitumika na watu wetu, wakivuka kwenda kuuza na kurudi.

Nisizokusanya ni zile nzuri zinazopigwa nje kwa jina la nchi yetu tangu miaka ya tisini mwishoni, zenye rangi, zenye wanyama, zikiuzwa kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Kijana mmoja aliniletea moja yenye simba, inang'aa kama kioo, akaniuliza kwa nini siitaki wakati imeandikwa Kongo. Nilimwambia haijawahi kununua hata nyanya moja Kongo. Anayezipenda azipende, kazi yake ni ya ufundi mzuri. Mimi nikiitazama sioni mtu.

Na kuona mtu ndiko kunakonifikisha kwenye kosa langu kubwa.

Faranga 1 yangu ya kwanza ya Katanga alinipa baba mkubwa. Ilikuwa ya kahawia nzito, kama chokoleti, na msalaba wake umelainika pale vidole vilipokuwa vikipita. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikachukua ndimu na majivu, kama mama anavyosugua sufuria, nikaisugua mpaka ikatoka na rangi ya waya uliomenywa sasa hivi, pinki inayong'aa. Nilifurahi. Nikampelekea baba mkubwa aione.

Aliigeuza mara mbili, akanirudishia. "Uliichuna ngozi," akasema. Hakusema zaidi.

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Ile rangi ya kahawia ni shaba yenyewe imeungana na hewa polepole kwa miaka hamsini, ikawa ganda jembamba linaloilinda. Asidi ya ndimu inalila ganda, na majivu yanakwangua kilicho chini yake. Chini ya lenzi naona mikwaruzo mamia, yote imelala upande mmoja, upande wa mkono wangu. Baada ya miezi michache ile pinki ikageuka madoadoa, na haitakuwa kahawia ileile tena maisha yangu yote. Ninayo bado. Inakaa ya kwanza kabisa kwenye sanduku, ndiyo ninayoiona kila ninapofungua.

Kwa hiyo kama umeachiwa sarafu na wazee na unataka kunisikiliza kwa jambo moja tu, usizisugue. Si kwa ndimu, si kwa dawa ya meno, si kwa brashi ya waya, si kwa maji ya betri. Udongo mkavu unaweza kuuloweka kwa maji safi, bora ya mvua yaliyochujwa au yale yasiyo na chumvi, ukaacha siku nzima, ukabadilisha maji, ukakausha kwa kubandika kitambaa laini cha pamba bila kupangusa. Kinachobaki baada ya hapo kiache. Na ukiishika, shika ukingo. Jasho la vidole lina chumvi, na alama ya kidole ikishaingia kwenye shaba haitoki, baada ya mwaka utaweza kuisoma kama kitambulisho cha kura.

Hapa utaniuliza: si nimesema napenda sarafu iliyoshikwa na watu? Ndiyo, napenda. Lakini vidole vya wale walioitumia vilikuwa kazini. Changu hakina biashara pale.

Kuhifadhi kulinigharimu kosa la pili. Nilinunua mjini kitabu cha kurasa za plastiki laini zenye vijifuko, kinapendeza, unafungua unaona zote pande mbili. Kilikuwa na harufu kama pazia jipya la bafuni. Nilikipanga vizuri, nikakiweka kabatini. Masika mawili yakapita. Nilipokifungua, faranga zangu tatu za shaba ya njano zilikuwa na utando wa kijani unaonata, kama asali iliyoharibika. Plastiki ya namna ile ndiyo PVC, na dawa inayotiwa ili iwe laini hutoka polepole, inakutana na shaba, inaila. Joto na unyevu vinaharakisha, na hapa kwetu kuanzia Novemba hadi Machi unyevu hatuuombi.

Nilizinusuru kwa asetoni safi, ile inayouzwa kwenye maduka ya rangi, si ya kuondolea rangi ya kucha ambayo imetiwa mafuta na manukato. Unamimina kwenye kikombe cha kioo, unaiweka sarafu, unasubiri, unamwaga, unarudia. Dirisha wazi, na moto mbali kabisa, maana mvuke wake unawaka haraka. Asetoni haigusi chuma, inayeyusha ule utando tu. Mbili zilitoka salama. Ya tatu ilikuwa imeshaliwa, ina vishimo chini ya tembo.

Kisha nikajiuliza swali ambalo fundi umeme alipaswa kujiuliza mapema. Ganda la waya wa umeme ni PVC, nimelimenya maisha yangu yote. Nitaijuaje kwenye kitabu cha sarafu? Kuna njia ambayo mtu yeyote mwenye kipande cha waya wa shaba anaiweza. Pasha ncha ya waya kwenye moto wa gesi mpaka iwe nyekundu na moto ubaki na rangi yake. Gusa plastiki kwa ncha hiyo ili kidogo ishike. Irudishe motoni. Moto ukigeuka kijani kibichi, kuna klorini ndani yake, dalili ya PVC, na mahali pa plastiki hiyo si karibu na sarafu. Fanyia nje, usivute ule moshi, na jaribu kwanza kwenye ganda la waya ili ujue kijani chenyewe kikoje. Tangu nijue hilo nimekataa vitabu vinne dukani. Muuzaji mmoja alikasirika nilipoomba kipande cha kona nikijaribu, lakini alinipa.

Sasa hivi zangu zinakaa kila moja peke yake. Nzuri zaidi ziko kwenye vidonge vya plastiki ngumu vya duara ambavyo ndugu yangu huniletea akisafiri. Nyingine ziko kwenye vikadi vyenye dirisha, vinavyofungwa kwa pini za stepla, na pini nazibana kwa koleo zilale kabisa, la sivyo zinakwaruza sarafu ya jirani. Zilizobaki ziko kwenye bahasha ndogo za karatasi nyeupe isiyo na asidi. Magazeti hapana, karatasi yake ina asidi. Mpira wa kufungia pesa hapana, una salfa inayoitia fedha weusi, na hewa ya jiji la viwanda kama letu inayo yake ya kutosha. Ndani ya sanduku natupa vile vifuko vidogo vinavyokuja kwenye makasha ya viatu vipya, vilivyoandikwa usile. Vinanyonya unyevu. Vikishiba navikausha kwenye sahani juu ya jiko lililopoa nusu, navirudisha. Vijana wangu wote wanajua: mtu akinunua viatu, kifuko ni changu.

Na usichanganye alumini na shaba kwenye bahasha moja. Fundi umeme yeyote anajua kinachotokea ukisokota waya wa shaba na wa alumini pamoja mahali penye unyevu: alumini inaliwa, inatoa unga mweupe, na siku moja nyumba inanuka kuungua. Likuta na santimu ya shaba zikigusana ndani ya masika ni jambo lilelile, bila moto. Niliona unga ule kwenye sengi mbili zilizokuwa kwenye kopo la maziwa ya bibi mmoja wa Kamalondo, mtaa mwingine wa Lubumbashi, nikajua kabla hajaniambia kwamba kopo lilikaa chini ya kitanda sakafuni.

Kila sarafu ina karatasi yake. Naandika ilikotoka, mwezi na mwaka niliyoipata, na maneno ya mwenyewe kama aliyasema. Ile ya Katuba imeandikwa "rondela ilikosa". Jina la mtu siandiki, ila mtaa naandika. Bila karatasi hiyo ni santimu 10 kama nyingine elfu.

Watu huniuliza kuhusu misalaba ya shaba, nami nasita kuijibu kwa ufupi. Hiyo ndiyo pesa ya chuma ya huku kabla ya mfalme yeyote wa Ulaya kuweka uso wake juu ya kitu. Wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, mafundi walichoma malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, kwa makaa kwenye tanuru la udongo wa kichuguu, wakamimina shaba kwenye kalibu yenye umbo la X. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua makaburi mwaka 1957 na 1958, kisha Pierre de Maret akaendelea miaka ya sabini, na misalaba ilikuwamo pamoja na wafu. Kadiri karne zilivyosogea ikawa midogo zaidi na inayofanana zaidi, mpaka mingine ikawa ya kuhesabika mkononi kama sarafu. Unapoona vitu vinaanza kufanana hivyo, ujue watu wameanza kuhesabu.

Mimi sinunui msalaba. Iliyofukuliwa kwenye kaburi ni mali ya aliyelala pale, na mahali pake pa pili ni Makumbusho ya Taifa hapa Lubumbashi, ambako mtoto yeyote anaweza kuiona. Na mingi inayouzwa mjini pamoja na shanga za malakiti imemiminwa juzi. Si vibaya, ni kazi ya mikono ya mafundi wetu, tatizo ni yule anayeitia kinyesi na tindikali na kukuambia ni ya mababu. Hivyohivyo faranga 5 za fedha za mwaka 1887 zenye uso wa Leopold wa Pili. Ya kweli ina gramu 25. Nimepima sita ambazo watu waliniletea wakitaka dola mia na zaidi, na mizani ikawapa gramu kumi na nane, gramu ishirini. Mbili zilinaswa na sumaku. Kuna mama mmoja alikuwa ameitunza ya namna hiyo miaka kumi akisubiri siku ya shida, na siku hiyo ilikuwa imefika. Sikujua niseme nini. Nilimwonyesha mizani.

Mwisho kuna kamba ya Kambo. Kambo ndivyo tunavyomwita bibi huku Katanga. Alikuwa akiuza maandazi Kamalondo, na kabla hajafa alinipa kitu alichopewa na mama yake: sarafu tisa zenye matundu zilizotungwa kwenye kamba ya nyuzi za mmea, zimekazwa kwa fundo moja, hazichezi. Za nje mbili nazisoma vizuri, santimu 5 na santimu 10. Nyingine nazisoma kwa kuinamisha taa, ukingo mmoja mmoja, naona tarakimu nusu.

Kila nilichoandika hapo juu kinaniambia nikate ile kamba. Nyuzi zinashika unyevu. Sarafu zinagusana, na mbili ni za shaba katikati ya zile za nikeli. Pale zilipobanana kuna kijani kimeanza, nakiona. Mtu mwingine akiniletea kamba kama hiyo nitamshauri azitoe zote leo, kila moja kwenye bahasha yake, na kamba kwenye bahasha yake.

Lakini fundo ni la mikono ya mama ya Kambo. Alizihesabu, akatunga tisa, akakaza, kwa sababu aliyoijua yeye. Labda ilikuwa bei ya kitu. Labda ilikuwa mwanzo wa kumi. Nikifungua nitakuwa na sarafu tisa za kawaida zilizo salama, na kipande cha uzi.

Nimeifanyia ninachoweza. Nimeikausha siku nyingi ndani ya kopo la kioo lenye vifuko vya viatu, nimeishonea mfuko wa pamba nyeupe niliouchemsha kwanza kuondoa sabuni, na kila mwezi wa masika naitoa, naitazama kwa lenzi, napima kile kijani kwa rula. Miaka mitatu sasa hakijasogea. Mwaka wa ile ya tano bado sijausoma.

Kikisogea nitakata.

Na uzi nitaukata mbali na fundo.